Meseji zilikuwa zilezile: somo la hesabu kwa simu, Botswana 2020

Machi 2020 Botswana ilifunga shule zake, na tarehe 2 Aprili nchi ikaingia katika hali ya hatari, watu wakaamriwa kukaa majumbani. Shirika la Young 1ove, ambalo siku hizi linaitwa Youth Impact, lilikuwa likifanya kazi na wizara ya elimu katika shule za msingi. Lilifundisha kwa utaratibu ulioanzia kwenye shirika la Pratham nchini India: mtoto anawekwa kwenye kundi la kiwango anachokijua, si la darasa alilomo. Anayeweza kujumlisha lakini hajui kutoa anafundishwa kutoa, awe darasa la tatu au la tano. Siku chache kabla ya malango kufungwa, wafanyakazi wa shirika hilo walikusanya namba za simu za wazazi kupitia shule. Kila kilichofuata kilisimama juu ya orodha hiyo.

Mtu anaweza kudhani kukusanya namba ni kazi ya karani tu. Lakini shule ikishafungwa, mwalimu mkuu yuko kwao, daftari la usajili limefungiwa ofisini, na namba iliyoandikwa siku mtoto alipoanza darasa la kwanza huenda imeshabadilika mara mbili. Masomo ya simu yasiyo na namba hai hayana wanafunzi, hata yakiwa yameandaliwa vizuri namna gani.

Familia 4,550 zenye watoto wa darasa la tatu hadi la tano zilipatikana na kukubali, kisha zikagawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipokea meseji zenye maswali mepesi ya hesabu kila mwanzo wa wiki. Kundi la pili lilipokea meseji hizohizo, na juu yake simu moja kwa wiki kutoka kwa mwalimu, ya dakika 15 hadi 20. Kundi la tatu halikupokea chochote, ili wengine walinganishwe nalo. Simu yenyewe ilikuwa na mpangilio mwepesi: mwalimu anampigia mzazi, anaomba mtoto aitwe, simu inawekwa spika ili wote wawili wasikie, mwalimu anahakikisha meseji imefika, kisha anampitisha mtoto kwenye swali hatua kwa hatua na kumwachia jingine la kujaribu. Katika awamu ya pili, baada ya watoto kupimwa kwa simu, baadhi ya familia zilianza kupelekewa maswali yaliyolingana na kiwango cha mtoto wao.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature Human Behaviour. Waliopata meseji na simu walipanda kwa mchepuko sanifu 0.12. Kwa lugha ya darasani: panga watoto mia kuanzia wa chini hadi wa juu kwa alama zao, aliyekuwa wa 50, katikati kabisa, angesogea hadi karibu na nafasi ya 55. Ni hatua ndogo, lakini imepigwa wakati shule zimefungwa, kwa simu ambayo haikuhitaji intaneti wala skrini kubwa. Waliopata meseji peke yake hawakuonyesha tofauti ya maana na wale ambao hawakupata kitu.

Hapo ndipo kisa hiki kinapostahili kusomwa polepole. Meseji zilikuwa zilezile. Maswali yalikuwa yaleyale. Kilichoongezwa ni mtu wa kusikiliza jibu.

Kusikia jibu la mtoto

Chukua swali la 52 kutoa 27. Mtoto anajibu 35. Meseji haiwezi kufanya lolote na jibu hilo. Hata ikiwa mzazi atalituma, mashine itarudisha neno moja: si sahihi. Lakini mwalimu anayesikia "thelathini na tano" anajua papo hapo kilichotokea. Mtoto amekwenda kwenye mamoja akaona 2 na 7, akatoa kidogo kwenye kikubwa, akapata 5. Kwenye makumi akatoa 2 kwenye 5, akapata 3. Anajua kutoa. Asichojua ni kwamba 7 ndiyo inayotolewa kwenye 2 na kwamba lazima avunje kumi moja. Dawa yake ni vijiti: mafungu matano ya vijiti kumikumi na viwili pembeni, kisha aambiwe atoe saba. Viwili havitoshi, atafungua fungu moja mwenyewe bila kufundishwa neno kukopa.

Mtoto mwingine anajumlisha 23 na 9 na kusema "mia mbili na kumi na mbili". Huyu amejumlisha 3 na 9 akapata 12, ameiandika yote, na mbele yake ameweka ile 2. Hajui thamani ya nafasi ya tarakimu. Ukimpa maswali kumi zaidi ya namna hiyo utakuwa umemfundisha kukosea mara kumi. Mwingine anazidisha 14 kwa 3 na kupata 32: amepata 12, akaandika 2, akaisahau ile 1 aliyoishika mkononi. Huyu anajua, amepoteza uangalifu tu, na dakika mbili zinamtosha.

Majibu matatu yasiyo sahihi, magonjwa matatu tofauti. Mwalimu wa darasa lenye watoto sabini mara nyingi hana nafasi ya kumwuliza kila mmoja "umepataje?" Simu ya dakika 20 kwa mtoto mmoja inampa nafasi hiyo, na kwa maoni yetu hilo ndilo jambo kubwa lililofichwa ndani ya kisa cha Botswana: simu ilimpa mtoto kitu ambacho hata shule ikiwa wazi hukipata kwa nadra.

Jambo la pili lilihusu wazazi. Kwa kuwa simu iliwekwa spika, mzazi alisikia mwenyewe mtoto anakwama wapi. Watafiti walikuta wazazi wa kundi la simu wakirekebisha makadirio yao kuhusu kiwango cha watoto wao sambamba na jinsi watoto walivyojifunza. Kwa wanaofahamu upimaji wa Uwezo, ambao ulianzishwa 2009 kupima kusoma na hesabu majumbani Kenya, Tanzania na Uganda, hili lina uzito. Mzazi anaona daftari limejaa na anaamini mtoto anajua. Kumsikia mtoto wa darasa la tano akihangaika na 52 kutoa 27 kunabadilisha mazungumzo ya nyumba ile jioni hiyo hiyo.

Palipofaulu na paliposhindwa

Utaratibu wa Botswana ulijaribiwa tena India, Kenya, Nepal, Ufilipino na Uganda, kwa zaidi ya familia 16,000. Safari hii matokeo yalikuwa makubwa zaidi, kati ya mchepuko sanifu 0.30 na 0.35, yule mtoto wa 50 angesogea hadi nafasi ya 62 au 64. Uganda ndiyo nchi iliyolihitaji hili kuliko karibu zote, maana shule zake zilizofungwa Machi 2020 zilikuja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022. Jambo lingine muhimu kutoka katika majaribio hayo: walimu wa serikali walipopiga simu wenyewe, watoto walijifunza kama walivyojifunza kwa walimu walioajiriwa na mashirika. Kwa hiyo kazi hii haihitaji watu wa kipekee. Inahitaji walimu waliofundishwa kuifanya.

Lakini si kila aliyepiga simu alifundisha. Sierra Leone walimu waliwapigia watoto kila wiki kuunga mkono vipindi vya redio. Watoto walijishughulisha kidogo zaidi na masomo, ila alama za hesabu na lugha hazikupanda. Kenya nako kulikuwa na jaribio jingine wakati wa kufungwa kwa shule, katika shule za binafsi, ambapo walimu waliwapigia watoto simu fupi za kuwafuatilia au simu ndefu kidogo za kuwafundisha. Watoto walihisi zaidi kwamba walimu wao wanawajali, na hilo si dogo. Hesabu haikupanda, na kwa waliofundishwa kwa simu kisha wakarudi shuleni, hata ilishuka. Sababu mojawapo waliyoitaja watafiti ni kwamba watoto waliokuwa nyuma, ambao simu zingewafaa zaidi, ndio waliokuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kurudi shuleni na kupimwa.

Ukiweka visa hivi pamoja, simu si dawa kwa kuwa ni simu. Inapofuata silabasi ya darasa, au inapouliza tu "umefanya kazi uliyopewa?", inakuwa kengele ya ukumbusho yenye sauti ya mtu. Inapoanza kwa kupima mtoto yuko wapi, na kubaki hapo hadi apande, inafundisha. Huo ni usomaji wetu wa ushahidi huu, na ndio tunaoutumia katika maelezo ya vitendo yanayofuata, kwa wale wanaotaka kuendesha kazi kama hii kwa Kiswahili.

Kupanga simu moja

Simu ya kwanza si ya kufundisha, ni ya kupima. Andaa maswali manne tu: moja la kujumlisha kwa kubeba, moja la kutoa kwa kuvunja kumi, moja la kuzidisha tarakimu mbili kwa moja, moja la kugawanya bila baki, kama 52 kwa 4. Anza na kujumlisha. Mtoto akipata na akaweza kueleza alivyopata, panda. Akishindwa, simama hapo. Hicho ndicho kiwango chake, na usimwongezee maswali ya kumwumiza. Wale wa Botswana waliweka kikomo cha dakika mbili kwa kila swali, na walikuwa na maswali tofauti ya ugumu uleule ili watoto wasipeane majibu. Fanya vivyo hivyo: seti tano za maswali, kila mtoto apate moja kwa bahati.

Simu za wiki zinazofuata ziwe na mgawanyo huu wa dakika 20. Dakika tatu za salamu na kumweka mtoto sawa: ana kalamu, karatasi au udongo wa kuandikia, vijiti au maharage ya kuhesabia, na mzazi yuko karibu. Dakika nne za kurudia swali la wiki iliyopita, mtoto akieleza mwenyewe. Dakika tisa za swali jipya. Dakika mbili kwa mzazi, akiambiwa kitu kimoja tu cha kufanya. Mbili za mwisho ni za kupanga siku na saa ya simu ijayo. Ukiona dakika tisa zile zinaliwa na maelezo ya mwalimu, simu imeharibika. Mtoto ndiye azungumze zaidi. Kanuni tunayoipenda ni hii: mwalimu asiseme sentensi tatu mfululizo bila kuuliza.

Maneno ya kusema yaandikwe na kila mpigaji awe nayo mezani. Kwa mfano:

"Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu kutoka shule ya Neema, tulikutumia meseji Jumatatu. Je, huu ni wakati mzuri? Naomba umwite Neema, uweke simu spika, nawe ukae hapo usikilize."

Mtoto akija na kuamkia, itikia "marahaba" kwa sauti ya uchangamfu na umwulize kitu cha nyumbani kabla ya hesabu. Kisha: "Nisomee swali." Kama hawezi kulisoma, lisome wewe, mara mbili, polepole. "Unafikiri tutafanya nini hapa, tutajumlisha au tutatoa? Kwa nini?" Usiruke swali hili la kwa nini. Baada ya jibu, liwe sahihi au la, uliza "umepataje?" kwa sauti ileile. Ukiuliza hivyo pale tu anapokosea, baada ya wiki mbili atakuwa amejua kwamba "umepataje" maana yake ni "umekosa", na ataanza kubahatisha jibu jingine badala ya kueleza.

Lugha ya hesabu iangaliwe kabla. Mtoto wa Tanzania amezoea kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Wa Kenya huenda amefundishwa maneno hayo kwa Kiingereza na hajui "kutoa" kama neno la hesabu, ilhali mzazi wake analijua. Mwulize mtoto mwenyewe: "Darasani mnaitaje hii?" Kisha tumia neno lake.

Hesabu ya nguvu kazi ifanywe kwa ukweli. Simu ya dakika 20 hula nusu saa ukiongeza kupiga mara mbili tatu na kuandika kumbukumbu. Kwa saa sita za kazi mpigaji mmoja atafanya simu 12 kwa siku, 60 kwa wiki ya siku tano, na hiyo ni kama kila mtu anapatikana. Wasiopatikana mara ya kwanza hula muda wa wengine, kwa hiyo panga watoto 40 hadi 45 kwa mpigaji, si 60. Watoto 300 wanahitaji wapigaji saba. Ukipanga programu ya wiki nane, muda wa maongezi ni dakika 160 kwa kila mtoto, na ongeza asilimia kumi kwa simu zinazokatika. Kwa watoto 300 ni karibu dakika 53,000. Kwa kiwango hicho usinunue vocha mojamoja. Zungumza na kampuni ya simu kuhusu kifurushi cha ofisi, au panga laini mbili kwa kila mpigaji ili ampigie mzazi kwa mtandao wake.

Meseji yenyewe, na alama mbili zinazokula pesa

Meseji peke yake haikufundisha Botswana, lakini bila meseji simu ingekosa kitu cha kushika. Swali likiwa limeandikwa, mtoto anakuwa nalo mbele yake na mwalimu hapotezi dakika tano kuyatamka matarakimu. Iandikwe hivi:

"Mama Neema alikuwa na mayai 23. Ameuza 8. Yamebaki mangapi? Mwambie mtoto achore vijiti 23, akate 8, ahesabu vilivyobaki. Tutapiga simu Alhamisi saa 10 jioni."

Hizo ni herufi 158 ukihesabu na nafasi. Kikomo cha meseji moja ni 160. Ukizidi, meseji inagawanywa vipande vya herufi 153 na unalipia kila kipande.

Kikomo hicho cha 160 kinafaa tu kama herufi zote zimo katika orodha ya msingi ya mitandao ya simu. Alama ya kuzidisha yenye umbo la msalaba (×) na ile ya kugawanya yenye vitone viwili (÷) hazimo. Ukiweka hata moja, meseji nzima inageuzwa mfumo mwingine na kikomo kinashuka hadi herufi 70, vipande vikiwa vya 67. Meseji ya herufi 150 uliyodhani ni moja inakuwa tatu, na bajeti yako ya familia 300 inakuwa ya 900. Tumia herufi x ya kawaida, na kwenye kugawanya andika "gawanya kwa".

Kiswahili kina mtego wake. Maneno kama ng'ombe na ng'ambo yana kibainishi, na ukiandikia meseji kwenye kompyuta, programu ya kuandikia hukikunja kibainishi kile kiwe cha mapambo. Kilichonyooka (') kimo katika orodha ya msingi. Kilichokunjwa (’) hakimo. Neno ng'ombe moja tu kwenye swali linatosha kupandisha gharama. Andaa meseji kwenye programu ya maandishi matupu, au badili ng'ombe wawe mbuzi. Vivyo hivyo na alama za kunukuu zilizopinda, mstari mrefu wa katikati na vikaragosi vya kutabasamu.

Tuma Jumatatu jioni, si asubuhi. Asubuhi simu inaondoka na mwenye simu.

Podikasti na blogu zina mahali pake

Wapo wanaouliza kwa nini kazi hii isifanywe kwa vipindi vya sauti vinavyopakuliwa, maana kurekodi mara moja ni rahisi kuliko kupiga simu elfu. Jibu limo ndani ya kisa: podikasti ni kama meseji, inasema bila kusikia. Kisha kuna uzito. Kipindi cha dakika 15 kikihifadhiwa kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde ni megabaiti 7.2, na mzazi mwenye kitochi hana pa kukiweka.

Hata hivyo sauti iliyorekodiwa ina kazi mbili nzuri. Ya kwanza ni kuwafundisha wapigaji: rekodi simu mfano tatu, moja ya mtoto anayekwama kwenye kutoa, moja ya mzazi anayejibu badala ya mtoto, moja ya mtoto mwenye haya, na kila mpigaji azisikilize kabla ya kuanza. Rekodi hizo ziigizwe na watu wazima, zisiwe za watoto halisi. Ya pili ni kwa wazazi wenye simu janja: sauti fupi ya sekunde 90 inayoeleza namna ya kuvunja kumi kwa vijiti, ikirekodiwa kwa njia moja ya sauti (mono) na kilobiti 16 kwa sekunde katika Opus, mfumo wa kubana sauti, ina kilobaiti 180 tu na sauti ya mtu inasikika vizuri. Ile ya dakika 15 kwa kiwango hicho inashuka hadi megabaiti 1.8. Rekodi chumbani penye mapazia au nguo nyingi, simu ikiwa umbali wa kiganja kutoka mdomoni. Chumba kitupu chenye bati hutoa mwangwi ambao kubana sauti huufanya kuwa mbaya zaidi.

Blogu iwe ghala la wapigaji: seti za maswali, maneno ya kusema, orodha ya makosa ya kawaida na dawa zake. Maandishi matupu, bila picha kubwa, ili ifunguke hata mtandao ukiwa dhaifu.

Panapoharibika

Simu haipokelewi. Namba ngeni siku hizi inaogopwa, na kwa haki, maana matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wamewachosha watu. Meseji ya kwanza itaje jina la shule na namba itakayopiga, mwalimu mkuu awatangazie wazazi mapema, na iandikwe wazi kwamba programu haiombi pesa wala namba ya siri. Wapigaji wasibadilishe laini katikati ya wiki nane.

Simu ni ya baba, na baba yuko kazini. Hili ndilo la kawaida kuliko yote. Wakati wa kusajili uliza: simu hii jioni iko wapi? Chukua na namba ya pili, ya shangazi au jirani. Usiandike "hapatikani" kabla ya kujaribu mara tatu kwa siku mbili tofauti, moja ya hizo ikiwa Jumamosi.

Betri inakufa. Kuiweka simu ya zamani spika kwa dakika 20 ni mzigo. Meseji ya siku ya simu iseme "chaji simu leo".

Mzazi anamnong'onezea mtoto jibu. Anafanya kwa upendo na hapaswi kuaibishwa. Mpe kazi yake: "Mama, naomba wewe uhesabu vijiti kimya kimya, mtoto akimaliza tutalinganisha." Kisha badili tarakimu na mwulize mtoto tena.

Mwalimu anakataa kushuka. Mwalimu wa darasa la tano anaona aibu kumfundisha mtoto wake kujumlisha, na kwenye kumbukumbu anaandika kwamba wamefanya hesabu za sehemu. Tunaliona hili kuwa kosa zito kuliko mengine yote, kwa sababu halionekani kwenye takwimu za simu zilizopigwa. Msimamizi asikilize simu mbili za kila mpigaji kwa wiki, mzazi akiwa amekubali, na atazame kitu kimoja: je, swali lilitoka kwenye kiwango kilichopimwa?

Usalama wa mtoto hauna mjadala. Mpigaji hampigii mtoto moja kwa moja, haongei naye mzazi akiwa hayupo, na hatunzi namba kwenye simu yake binafsi baada ya wiki nane. Orodha ya namba ibaki kwa mtu mmoja anayejulikana.

Kupima mwisho

Anayepima asiwe aliyefundisha. Mwalimu aliyekaa na mtoto wiki nane atamsaidia bila kujua, kwa kurudia swali kwa sauti ya kidokezo au kwa kunyamaza mtoto anapokaribia jibu. Badilishaneni orodha: mpigaji A apime watoto wa B. Tumia seti mpya za maswali, kikomo kilekile cha dakika mbili, na mtoto aeleze alivyopata. Kisha mtu wa tatu awapigie tena mmoja kati ya kila kumi na kurudia kipimo. Majibu yakitofautiana kwa wengi, kipimo chote kirudiwe.

Pima na wale walioacha kupokea simu. Ukiwapima waliobaki peke yao, utakuwa unasifia programu kwa watoto ambao familia zao zingewasaidia hata bila wewe. Hata katika lile jaribio la shule za binafsi, waliokuwa nyuma ndio waliokosa zaidi kupimwa.

Karatasi ya mwisho ina safu tano: jina la mtoto, darasa, kiwango alichoanza nacho, kiwango alichofikia, na kosa analolirudia, lililoandikwa kwa maneno, kwa mfano "anatoa kidogo kwenye kikubwa". Siku shule inapofunguliwa, nakala ya karatasi hiyo iwe mezani kwa mwalimu wa darasa kabla hajaita majina.